Giaboksi Niliyoiegemea

Mkwe wangu hajawahi kuniona nikitafuna. Ni fundi magari, amemuoa binti yangu Felista tangu enzi ambazo barabara ya kwenda Kidatu ilikuwa tope tupu, na amekula chakula changu kuliko hata wanangu wa kiume. Lakini mdomo wangu ukiwa na tonge hajauona, wala mimi wake sijauona. Akija kwangu hapa Viwanja Sitini anakaa barazani ameelekea ukutani, anapelekewa sahani, na mimi nabaki jikoni nasikiliza kijiko. Kijiko kikinyamaza mapema najua mboga imezidi chumvi.

Wanaonifahamu watashangaa. Watasema huyu bibi kila mtu anamtaja kwa jina, mbona huyu anamwita mkwe tu? Ni kweli majina hayanipotei. Shuleni niliishia darasa la nne, hesabu za kugawanya zikaniacha njiani, lakini nitajie basi lolote lililowahi kupita Ifakara nitakutajia utingo wake. Aliyekuwa akituuzia mafuta ya taa ni Bonifasi. Mkunga aliyenizalisha Gaudensi ni Eusebia, aliyenizalisha Felista ni Leokadia, na Eusebia alikuwa na mbwa akiitwa Saimoni. Yote hayo ninayo. La mkwe ninalo pia, ila halitoki. Kwa malezi niliyolelewa mimi, jina la mkwe halipiti kinywani mwa mama mkwe. Yustina, jirani yangu, aliwahi kuniuliza, "Sasa kanisani wakimtaja mtakatifu mwenye jina lake unafanyaje?"

"Nakohoa," nikamwambia.

Alifikiri natania. Jumapili iliyofuata akakaa benchi moja na mimi, akanisikia.

Basi tunaongeaje? Salamu ipo. Anafika getini, anavua kofia, anachuchumaa, anasema "Shikamoo mama" akiitazama ardhi, na mimi naitikia "Marahaba mkwe" nikiwa nimejifunika kitenge mpaka kwenye paji la uso. Baada ya hapo maneno yanapitia kwa Felista. Felista akiwa hayupo tunatumia chochote kilicho karibu. Siku moja alimwambia kuku wangu, "Wewe kuku, bati la choo limelegea, upepo ukija litaondoka."

Nikamjibu kuku, "Kuku, mwenye nyundo si yupo, apande."

Akapanda, akapigilia. Najua inachekesha. Majirani wanacheka, nami nikibaki peke yangu nacheka pia, mwanamke mzima na mjukuu yuko sekondari, napiga soga na kuku. Kesho yake narudia yaleyale.

Sasa mtu huyohuyo mwende mkamwone gereji kwake. Ni kibanda cha mabati kando ya barabara, vyuma vimetapakaa, ardhi imekunywa oili mpaka haioti jani. Pale ana sauti. Ana sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Nilikuwa napita siku moja, nimejifunika vizuri, nikamsikia akimwambia bwana mmoja wa ofisi mwenye gari la kiyoyozi, "Ondoa gari lako kwenye kivuli changu. Halijaumwa. Limechoka na wewe." Yule bwana akaondoa. Mtu huyo ndiye asiyeweza kuniambia mboga ina chumvi.

Felista anasema, "Mama, mimi nimeolewa na yule wa nyumbani. Yule wa gereji nampelekea chakula tu."

Msije mkadhani ni fundi wa ajabu. Ni fundi. Neno lake kubwa ni "tusikilize kwanza." Gari likiletwa, hagusi kitu. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaweka kwenye injini, mpini anaweka sikioni, anafumba macho, na wote mnatakiwa mnyamaze, hata muuza karanga. Mara nyingi anapatia. Lakini alishasikiliza pikapu ya mwalimu Damasi asubuhi nzima akatangaza ni beringi, akafungua, akakuta panya amezaa kwenye kichujio cha hewa. Na akimaliza kufunga gari, boliti huwa zinabaki. Kila mara zinabaki. Mwenye gari akiuliza, anazikusanya, anazitia kwenye kopo na kumjibu kwa upole, "Hizi zilikuwa za urembo." Kopo limejaa sasa hivi. Magari ya bonde hili yametembea miaka bila urembo wake, na sijasikia lililoanguka vipande.

Mwanamume huyu anayelala chini ya fuso lililonyanyuliwa kwa jeki moja na gogo, anaogopa vyura. Anaishi Kilombero na anaogopa vyura. Mvua za kwanza zikinyesha anatembea katikati ya barabara kama bwana harusi, anaangalia kila anapokanyaga. Felista ananiambia ndani ya nyumba yao kuna ufagio maalumu wa vyura, na si mumewe anayeushika.

Adabu yake nayo ina upande wake mbaya. Kwake, mama mkwe akisifia kitu, ameomba. Sikuwa nimeligundua hilo mpaka nilipomsifia jogoo wake, jogoo mwekundu mwenye mkia wa kujivunia. Nilisema tu, "Jogoo huyu ana sauti." Asubuhi jogoo akawikia kwangu, amefungwa mguu getini. Halafu nikaenda kuwaona walipopata mtoto wa tatu, nikamwambia Felista mapazia yamekaa vizuri. Kesho yake madirisha yao yakabaki wazi, watu wanachungulia mtoto, na mapazia yako kwangu yamekunjwa. Nikajaribu kuyarudisha, Felista akaniambia nikiyarudisha mumewe atadhani yamenichukiza, ataenda kununua mengine. Tangu hapo nikienda kwao natazama miguu yangu tu, kama mtu aliyedondosha sindano. Nisimame wapi, niguse nini, napima.

Nimeeleza yote hayo ili nikifika kwenye landrova msinione mjinga kuliko nilivyo.

Landrova aliiacha marehemu mume wangu, Joakimu. Aliinunua ikiwa tayari nzee, kichwa cha kijani, nyuma turubai. Kila mavuno ndiyo inayotoa mpunga wetu shambani Mofu kuuleta mjini. Gaudensi, kifungua mimba wangu, anafanya kazi Morogoro, na hiyo gari haipendi. "Mama, hiyo gari mnailisha tu," ananiambia kwenye simu. Mwaka huu akaweka neno mezani. Landrova ikileta mpunga nyumbani kwa miguu yake yenyewe, ikae. Ikivutwa njiani, au mpunga ukija kwa gari la mtu mwingine, atakuja na mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, waikate.

"Sawa baba," nikamwambia, haraka kabisa, kwa majivuno. Nilikuwa naiona pale uani inang'aa kwa umande, nikajua nimemshinda. Wiki hiyohiyo, mkwe akiwa anaijaribu, giaboksi ikafia mbele ya soko. Ilitoa mlio kama mtu anayesaga mahindi pamoja na magunzi, ikasimama, watu wakaisukuma mpaka gereji.

Sitasema nina sababu ya maana ya kuing'ang'ania. Sina leseni, sijawahi kuiendesha hata hatua moja. Lakini nikiwa nayo, mimi ni mtu ninayekwenda shambani kwangu kuchukua mpunga wangu. Isipokuwepo, nakuwa bibi wa kuletewa. Nakaa barazani naletewa gunia, naletewa dawa, naletewa habari. Nimewaona wenzangu wa kuletewa. Wanaanza kwa kuletewa mpunga, wanamalizia kwa kuletewa maamuzi.

Ikabidi itafutwe giaboksi nyingine kabla njia ya Mofu haijalainika kwa mvua. Mkwe akapata mbili. Moja ilikuwa ya landrova nyingine, ndugu tumbo moja na hii yetu, ambayo mzee Severini wa Mkula aliihifadhi stoo baada ya kuuza bodi. Ilikuwa nzee, gia ya pili ikinguruma, lakini ingeingia mahali pake boliti kwa boliti, na ingevuta magurudumu yote manne, jambo ambalo kwenye tope la Mofu si anasa. Ya pili ilikuwa ya pikapu ya Kijapani, changa, laini, ipo palepale mjini kwa Shabani wa vyuma. Hiyo ingehitaji kuchongewa bamba la kuishikiza, kukatwa sakafu, na magurudumu ya mbele yangekaa kimya, yangefuata tu. Akaziazima zote mbili, akazilaza gereji kwake juu ya magunia.

Felista akaja na ujumbe. "Mama, anasema zote zinafaa. Mwenye gari ni wewe, uchague."

Nikasema, "Mwambie fundi ni yeye. Atakachochagua ndicho."

Akaenda, akarudi. "Anasema hawezi kuchagua mbele ya mama."

"Mwambie mama haelewi chuma."

Akarudi tena, sasa jasho linamtoka. "Anasema mama akielekeza hata kwa kidole, itatosha. Na mimi nasema kesho sirudi, nina shughuli zangu."

Ukweli nilikuwa naitaka ile ya Mkula. Sijui chuma, lakini najua tope. Kwa nini sikusema? Kwa sababu mkwe ndiye atakayelala chini kuifunga, na nilishaona giaboksi nzee inavyomtoa mtu roho. Nikajiambia, huenda anatamani ile rahisi, ila anaona haya. Mimi nikitaja nzee, atafunga nzee, hata mgongo ukimuuma hatasema. Nikaamua nitakwenda nizitazame, labda uso wake utaniambia. Kumbukeni kwamba uso wake siruhusiwi kuutazama. Akili yangu ndivyo inavyofanya kazi.

Nikaenda. Alikuwa amechuchumaa upande ule, mgongo kwangu, anasugua kitu. Felista alisimama katikati amekunja mikono kama refa. Nikazizunguka zile giaboksi, nikatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayejua, nikasema "mm," nikasema "ahaa." Kitenge kikaanza kunifunguka kiunoni. Nikatafuta mahali pa kushika nisije nikaanguka huku nafunga kitenge, nikaweka mkono, nikakaza fundo, nikanyanyuka. Nikaaga, nikarudi nyumbani.

Jioni yake, nikipita tena kwenda kwa Yustina, nikachungulia. Ile ya Kijapani ilikuwa imeoshwa kwa petroli inametameta, imelazwa juu ya gunia safi, na ile ya Mkula imesukumwa nyuma. Nikasema moyoni, kumbe, fundi ndiyo aliyoitaka. Vizuri sana sikufungua mdomo. Nikampa Felista ujumbe, "Mwambie mama ameridhika." Nilirudi nyumbani najisifu kwa busara.

Ilipofungwa, mkono wa gia haukutokea pale pa zamani. Ulitokea nyuma zaidi, umeegemea kiti cha abiria, kiasi kwamba anayekaa pale dereva atakuwa anabadilishia gia ubavuni kwa magoti yake. Mtu mwingine angekaa tu. Mimi na mkwe? Nikajua nafasi yangu ni nyuma, juu ya magunia, na nikashukuru kwamba turubai halivuji sana. Halafu ikawa na tabia nyingine. Gia ya tatu ilikuwa haikai. Unaitia, inakwenda kidogo, inachomoka. Felista akasema, "Anasema ni kuizoea." Nikasema, "Mwambie itazoea." Na ile ya Mkula akamrudishia Severini.

Tukaenda Mofu kuchukua mpunga, Felista mbele ameushika mkono wa gia kama mtoto anayetaka kukimbia, mkwe anaendesha, mimi nyuma. Njia ilikuwa kavu, tukafika. Tulipokuwa tunapakia, mawingu yakaja kutoka upande wa milima ya Udzungwa, mazito, ya rangi ya sufuria. Landrova haichukui magunia yote kwa safari moja, na yanayobaki lazima yawe na mtu. Felista akasema, "Mama, wewe nenda. Mimi nabaki nayo kwa mama Agripina."

"Nani atashika gia?"

"Mtajua wenyewe," akasema, na akaingia ndani kwa mama Agripina, jirani yetu wa shamba. Mpaka leo hajakubali kwamba alifanya makusudi.

Mkwe akasema na usukani, "Tutaenda na ya pili." Nikapanda juu ya magunia. Tukaondoka, mvua nayo ikaondoka na sisi. Kwa gia ya pili injini ililia, maji yakaanza kuchemka, ikabidi aitie ya tatu. Ikachomoka. Akaishika kwa mkono wa kushoto, usukani akabaki nao mkono mmoja, na usukani wa landrova si wa mkono mmoja. Gari likaenda upande, likapiga kona ambayo barabara haikuwa nayo, likasimama tairi moja likichungulia jaruba la mpunga la mtu. Nikateleza na gunia mpaka kwenye kibao cha nyuma.

Akashuka. Nikamsikia anazunguka, viatu vinanyonya tope. Akasimama mbele ya boneti na kusema na gari, "Wewe gari, mikono miwili haitoshi. Maji yakizidi hapa tunalala, na asubuhi tunavutwa."

Kuvutwa. Nikamwona Gaudensi na mizani yake.

Nikayaambia magunia, "Magunia, nyinyi hamna mikono."

Mvua inapiga turubai. Naye akaliambia gari, "Kiti kipo. Sijasema kitu, nimesema kiti kipo."

Nikakaa pale nikifikiri bibi yangu Apolonia, aliyenifundisha adabu zote hizi, angefanyaje. Nadhani angeshuka na kutembea kwa miguu mpaka Ifakara. Lakini Apolonia hakuwa na mpunga ndani ya landrova. Nikashuka. Nikajifunika kitenge kichwa kizima, nikaacha tundu la jicho moja, nikapanda mbele, nikaushika mkono wa gia kwa mikono yangu yote miwili. Mkwe alipoingia aligeuza uso dirishani, akaondoa gari akiitazama barabara kwa pembe ya jicho, kama kuku.

"Kama ingewezekana," akaliambia dirisha, "ingekuwa vizuri ya pili."

Nikavuta. Ikaingia.

"Na kama kuna mtu ataweza, sasa ya tatu."

Nikasukuma. Ikaingia, nikaizuia isichomoke kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Tukaenda hivyo, yeye anaomba kwa dirisha, mimi najibu kwa mkono. Magurudumu ya mbele yalikuwa hayavuti chochote, ni mpunga tu uliokandamiza yale ya nyuma ndio uliotuokoa. Tukafika pale penye bonde dogo, maji yanakatiza njia, tope chini yake halina mwisho. Pale hapakuwa na muda wa dirisha.

"Mbili," akasema. "Mbili, mama, mbili, vuta, usiachie."

"Nimeshika. Wewe kanyaga."

"Imeingia?"

"Imeingia, si nimekwambia, kanyaga mafuta."

"Nakanyaga. Shika."

"Mkwe, kushoto kuna shimo."

"Nimeliona."

"Hujaliona."

Hakuwa ameliona. Akalikwepa. Landrova ikanguruma, ikayumba kiuno, ikatoka ng'ambo ya pili ikitema tope. Tukaendelea hatua nyingi, mimi bado nimeshika. Kitenge kilikuwa kimeniangukia mabegani sijui tangu saa ngapi. Nywele zangu zote nyeupe ziko nje, na mikono imejaa grisi. Nilisubiri kitu kibaya kitokee, radi au nini. Hakikutokea. Mvua ilikuwa inapungua.

Yeye ndiye aliyeanza. Bado anatazama mbele. "Mama, samahani. Naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kwa nini ulichagua hii?"

"Nilichagua nini?"

"Giaboksi hii. Mimi nilikuwa naitaka ile ya Mkula. Nilifikiri mama ataichukua ile ya Mkula. Lakini uliigusa hii."

"Niliigusa lini?"

"Siku ile gereji. Felista aliniambia, mama ameweka mkono kwenye ya Shabani."

Nikamtazama. Nilimtazama uso mzima, kwa mara ya kwanza tangu harusi, na nikaona ana mvi kwenye nyusi, hakuna mtu aliyekuwa ameniambia. "Mkwe," nikasema, "nilikuwa nafunga kitenge. Niliegemea."

Akakanyaga breki. Gari likasimama katikati ya barabara. Akaweka paji la uso kwenye usukani, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani nimemliza. Honi ikalia kwa paji la uso wake, ikaendelea kulia, wapita njia wakageuka, na hapo ndipo nikajua ni kicheko. Nami kikanishika. Nilicheka mpaka nikaachia mkono wa gia.

"Nilikata sakafu," akasema alipopata pumzi. "Nilichonga bamba wiki nzima."

"Nilikuona umeiosha kwa petroli. Nikasema, hiyo ndiyo roho yake inataka."

"Niliiosha kwa kuwa mama ameichagua."

Tulipokaribia mjini simu yangu ikalia. Mkwe akapunguza mwendo, akaiokota kitini akaniwekea sikioni, mikono yangu ilikuwa na kazi. Ni Yustina. "Mwenzangu, Gaudensi yuko getini kwako. Amekuja na mtu mwenye pikapu, anasema kwa mvua hii mtavutwa tu. Kuna mizani."

Nikamwambia mkwe. Akafikiri kidogo. "Tukisimama pale," akasema, "atakuta mama ameikumbatia gia. Atasema hiyo siyo gari, ni mgonjwa wa kushikiliwa."

"Tusisimame."

"Twende wapi?"

"Severini bado anayo?"

Akanitazama, naye uso mzima. "Anayo."

Kwa hiyo tukapita. Gaudensi alikuwa amesimama getini na simu mkononi, yule mtu wa chuma chakavu ameegemea pikapu yake. Landrova ikawapita kwa gia ya tatu, tope mpaka kwenye vioo, magunia ya mpunga yamejaa nyuma, na mama yake yuko mbele kichwa wazi kando ya mkwewe. Nikamsikia anaita. Nilikuwa nimeshika tatu, nisingeweza kumpungia. Mkwe ndiye aliyempungia. Gaudensi aliniambia baadaye kwamba yule mtu wa mizani alimuuliza, "Ndiyo hiyo unayosema haitembei?" na akajibiwa aende zake. Landrova iko uani ninapoandika haya.

Lakini siku ile tulikuwa hatujui. Tuliingia lami, tukaifuata njia ya Kidatu mpaka Mkula, na mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba mkwe ilibidi anifungulie mlango. Severini alituangalia tulivyofanana kwa tope, akatupeleka stoo. Ilikuwa na giza kidogo. Vyuma viwili vilikuwa vimelala chini ya turubai, vyote vyeusi, vyote vina vumbi.

Mkwe akasimama kando yangu. Hakugeukia ukuta. "Mama," akasema, "sema kwa mdomo."

Nikajisikia mkubwa. Nikanyoosha kidole kwenye kile kilichokuwa mbele, nikasema kwa sauti ambayo hata Severini aliyekuwa mlangoni aliisikia, "Hii. Hii ndiyo yetu. Ningeijua hata usingizini."

Mkwe akatazama kidole changu, akatazama chuma. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayetaka kunyanyua kitu kizito.

"Hapana, mama," akasema. "Hiyo ni ya trekta."